Maharage ya Wakili

12 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hujambo na goti limepunguza ubishi. Mimi mzima, ila tangu jana sikai kitini nikatulia. Mama, nimepata. Ule ufadhili niliokuwa naogopa hata kuutaja, nimeupata.

Nikueleze ili sokoni usije ukatia chumvi. Chuo huchagua wanafunzi wachache wa shahada ya kwanza, na kila mmoja hufanya utafiti wake chini ya mhadhiri mmoja anayemlea kazini. Ada wanalipa wao, chumba wanalipa wao. Mwezi wa tisa unasimama mbele ya jopo kuonyesha ulichokipata. Ukiwaridhisha wanakubeba mpaka umalize. Usipowaridhisha, unafunga virago, maana mimi na wewe tunajua hakuna kwingine pa kukimbilia.

Mlezi wangu ni profesa mmoja mzee, mkimya, anakaribia kustaafu. Tunamwita Mzee Subiri, kwa sababu ukimuuliza lolote atakwambia subiri. Hapa chuoni ni yeye peke yake anayejua mambo ya wadudu wa nafaka na maharage, na ndio ninaowachunguza. Niliwasimulia jopo habari ya lile gunia lako lililobunguliwa lote, jinsi ulivyolikalia kimya mchana kutwa. Nadhani ndicho kilichowagusa. Nataka nipate majani yatakayokinga maharage yako, usikae hivyo tena.

Nasubiri barua yako. Simu najua bado imelala kwa fundi.

Ni mimi,
Wakili wako


30 Machi

Mwanangu Wakili,

Marahaba. Mimi sijambo, goti nalo liko palepale, limekuwa kama mpangaji asiyelipa wala hahami. Barua yako nimeisoma hadi imelegea. Muuza vitunguu wa jirani nimemsomea mara mbili, ya tatu akaniambia mama, nimeshika.

Nilikuwa silali kwa habari ya ada, ila sikukwambia. Sasa nalala. Basi usicheze na hiyo nafasi, tafadhali. Mimi nguvu za kuzunguka na magunia zimebaki kidogo, na pale gengeni pembeni yangu sitaki kukuona umekaa, hata siku moja.

Ila wananiuliza, huyo binti yako hasa anafanya nini na maharage? Nami sijui niwajibu nini. Wewe ndiye uliyekuwa ukiitwa kuchambua unapatwa na homa. Umesahau nilikupa jina la Wakili kwa nini? Ulikuwa unaniambia wadudu hawa ni wageni wangu, nimewakaribisha mwenyewe, wasiguswe. Mtoto wa miaka sita anatetea uvivu kama yuko mahakamani.

Kula vizuri.

Mama yako


19 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Goti je? Mimi mzima, nimechoka tu.

Waambie nina chumba kidogo chenye rafu, na rafuni kuna chupa za maharage zilizofungwa kitambaa mdomoni. Wadudu nimewatia mwenyewe. Chupa nyingine zina majani haya, nyingine majani yale, nyingine hazina kitu, halafu naangalia wapi wanazaana na wapi wanakufa. Kila chupa ina karatasi yenye namba, ndiyo inayonionyesha ipi ni ipi. Nimewafikisha kizazi cha tatu, na kuna majani fulani yanaanza kuwashinda. Juzi nilimwonyesha Mzee Subiri. Aliinama akatazama muda mrefu, akasema subiri, lakini alikuwa anatabasamu.

Mwanzoni mwa mwezi wa saba nitasafiri naye kwenda kukusanya majani mengine. Ukitaka kuja kuniona, ngoja nirudi. Nataka nikuonyeshe mwenyewe.

Wakili wako


8 Julai

Mwanangu,

U hali gani? Mimi sijambo, na leo nina la kukuchekesha.

Nilikuja chuoni kwenu. Najua ulisema ningoje, lakini lori lilikuwa linaleta magunia huko mjini na dereva akanipa nafasi bure, nikasema nafasi kama hii haiji kila siku. Nilikuta mmesafiri kweli. Mfagiaji wa jengo lenu, mama mmoja mwungwana, aliponitazama tu akasema wewe ni mama yake yule binti wa maharage, mmefanana hadi mwendo. Akanifungulia nione hata kazi yako.

Wakili, nilitamani ardhi ipasuke. Maharage yametobolewa, wadudu wanatembea juu ya vioo, majani yamekauka humo humo. Nikakumbuka barua yako, eti wadudu nimewatia mwenyewe. Nikacheka peke yangu. Nikasema huyu hajabadilika, hata kwa profesa anapeleka utetezi ule ule. Halafu nikaogopa. Hao watu wa jopo wakiingia wakakuta uchafu ule, si watakufukuza?

Basi nikaketi. Mfagiaji akaniletea sinia na maji ya moto. Nilimwaga chupa zote pamoja, nikachambua moja moja, yaliyobunguliwa nikatupa, wadudu nikawachoma. Chupa nimeziosha zinang'aa. Vile vikaratasi vilikuwa vimechakaa, nimevibandua. Mazima niliyaanika uani, na palipopungua nikajazia yangu niliyokuletea zawadi, yale mekundu ninayowawekea wateja wa harusi. Nimeyapanga upya rafuni. Mgongo uliniuma njiani kurudi, lakini nilikuwa na raha, kwa kuwa tangu uende huko sijawahi kukusaidia kitu chochote cha masomo.

Usinishukuru. Mwambie tu Mzee Subiri umezaliwa na watu.

Mama yako


15 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo.

Mbona kimya? Nilimuuliza dereva wa lori kama barua yangu ilifika, ameapa aliiweka mkononi mwako, na kwamba uliisomea palepale mlangoni, ukaingia ndani bila kuaga. Umeumwa? Au nimekutia aibu, kuja na ndala zile mbele ya wenzako? Nisamehe, sikujua ningefika ndani.

Niandikie hata mstari mmoja.

Mama yako


27 Septemba

Mama,

Shikamoo. Natumaini goti linakupa nafuu. Mimi sijambo.

Hukunitia aibu. Ondoa hilo moyoni kabisa, na ndala zako ni nzuri. Mfagiaji bado anakusalimia.

Nilikaa kimya kwa kuwa nilikuwa najaribu kuanza upya. Wadudu hawana haraka, Mama, hata uwabembeleze vipi. Siku ya jopo ilipofika sikuwa na la kuonyesha. Waliniuliza ilikuwaje, nikawaambia sikuitunza vizuri kazi yangu. Wakaandika. Ufadhili umekwisha, na chumba nimepewa wiki mbili nikiache. Mzee Subiri naye anastaafu mwezi ujao, na mhadhiri mwingine wa kunichukua hayupo.

Nilimfuata ofisini kwake. Alikuwa anafunga vitabu kwenye maboksi. Nikamuuliza, sasa nifanye nini? Nilitaka aseme subiri, Mama. Nilisimama pale nikingoja aseme. Akasema, "Nenda nyumbani, binti yangu."

Nimekata tamaa, sitakudanganya. Nimebisha kila mlango. Kosa ni langu peke yangu, sikueleza mambo yangu yakaeleweka. Lori likija upande huu mwambie dereva anipitie.

Mwanao


4 Oktoba

Mwanangu Wakili,

Barua yako nimeipata. Nimelia, nimefunga genge mapema, nimerudi nyumbani nimelia tena. Ile ada iliyokuwa imeniachia usingizi imerudi, na safari hii sina hata la kuifikiria. Imekwisha, basi.

Lakini nitakwambia ukweli, kwa kuwa nisipokwambia mimi nani atakwambia. Nilikuachia maharage safi, hayana hata tundu moja. Ungeyaangalia tu kama nilivyoyaacha, jopo wangekuta nini cha kusema? Najua ulichofanya. Uliyaacha wadudu wakaingia tena, ukarudia hadithi yako ya wageni. Nilikupa jina la mzaha, mwanangu, nawe ukalifanya kazi. Mimi sikusoma sana, lakini ningekuwa karibu nawe, tusingefika hapa.

Sikugombezi. Yamepita. Dereva atakupitia Ijumaa, funga vitu vyako. Nimekutafutia kigoda, nimekiweka pembeni yangu, upande wenye kivuli. Gunia jipya limefika na limebunguliwa vibaya. Tutalichambua pamoja, nami nitakufundisha taratibu, mpaka ujue.

Mama yako