Kemia ya Mama

Mashavu, nimemharibia mama. Nimemharibia kabisa!

Si unajua alifanya KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, akiwa na miaka 41, huku akifagia wodi za hospitali Embu? Juzi nikampigia hesabu ya pointi za kozi ya unesi, nikamwambia ameingia.

Leo nimerudia. Nilihesabu Jiografia! Wanataka Kemia, na Kemia mama ana D. D, Mashavu!

Nikamwambia, "Mami, nilikosea. Hauingii."

Akauliza polepole, "Na ile barua nimepeleka asubuhi?"

Barua gani? AMEACHA KAZI! Ameaga wenzake wote, akawaambia atarudi akiwa nesi.

Hata hajanigombeza. Ameniletea biro tu. "Basi andika ingine, uombe wanirudishe."

Nimekaa na karatasi saa nzima. Siwezi kuandika hata jina lake.