Bwana Mujibu na Kuku wa Mjomba

Jumamosi, 7 Juni 1975

Leo ghala la korosho limejaa hadi watu wamekaa madirishani. Msimu bado, ghala tupu, basi kila Jumamosi baada ya alasiri linakuwa letu, sisi kikundi cha maigizo cha kijiji. Hii ni wiki ya kumi na moja ya "Nyumba ya Mzee Tulia". Familia ileile, nyumba ileile, kila wiki kisa kipya, kama michezo ya redioni. Mtunzi ni Mwalimu Kornelio, na Mzee Tulia ni yeye mwenyewe.

Humu daftarini hakuna anayesoma, basi niseme kweli: Mzee Tulia hana mtu. Anatoa mawaidha ya mbolea na vyoo, watu wanakohoa. Watu wanakuja kuwatazama majirani zake wawili. Wa kwanza Bi Nionje, ambaye hufika kila chungu kinapoepuliwa, akasema alikuwa anapita tu. Huyo ni mimi. Wa pili Bwana Mujibu, kiongozi wa kitu ambacho hakijulikani, ambaye hawezi hata kuomba maji bila kuanza na "kwa mujibu wa". Huyo ni Likwata.

Nani zaidi? Mimi. Likwata anasema yeye. Tumebishana njia nzima na hatukumaliza. Lakini watoto wamenifuata mimi hadi kisimani wakiniita Bi Nionje! Nimewaambia waanze na shikamoo.

Mujibu katoka wapi, kila mtu anajua. Tumbo mbele, mkono mmoja mgongoni, leso inayofuta jasho ambalo halipo – ni Mzee Abdala huyo, mwenyekiti wetu. Na Mzee Abdala anakaa mstari wa mbele na kucheka kuliko wote. Likwata ni mtani wake. Koo zao zinataniana tangu kwa mababu. Mwezi uliopita msibani Likwata alijilaza kwenye kitanda cha maiti akadai azikwe yeye kwanza, na wafiwa wakacheka huku wanalia. Ndiyo ruhusa aliyozaliwa nayo.

Mzee Abdala ni mjomba wa Ismaili, mume wangu. Ndiye aliyefunga safari hadi Likawage kuniposa. Mimi namwita Mjomba, ingawa kumwita ni neno tu. Mkwe wangu yule. Tukikutana njiani napisha, nainamisha kichwa, na akiwa na la kuniambia anamtuma Bi Adija, mkewe.

Jumatano, 11 Juni

Barua kutoka Lindi! Afisa utamaduni anakuja Jumamosi ya tarehe 21. Anapita vijijini kuchagua kikundi kimoja cha maigizo kwa ajili ya Saba Saba mjini. Na watu wa redio watakuwepo na mashine zao za kunasa sauti.

Redio. Mama yangu yuko Likawage, sijamwona tangu tuhamie hapa kijiji kipya, karibu miaka miwili. Dukani kwao kuna redio. Nimemwona kabisa: kakaa kwenye gunia la chumvi, kanga kichwani, anawaambia watu wanyamaze, huyo ni Kidawa wangu.

Nyangamara nao wanashindana, Kitomanga pia. Waje tu.

Jumatatu, 16 Juni

Likwata kakanyaga kisiki kwenye shamba la ujamaa. Kimeingia unyayoni. Zahanati wamemwambia wiki mbili asisimame. Ameniambia hayo akiwa kalala, mguu juu ya kinu, na bado anamtania mkewe kwamba sasa atabebwa mgongoni.

Mwalimu akataka kumtoa Mujibu mchezoni. Nikamwambia, "Mwalimu, ukimtoa Mujibu utabaki na vyoo." Hakupenda. Nikasema Mujibu nitamcheza mimi, Bi Nionje apewe Mwanaima, mwenzetu wa kikundi, maana Mwanaima nyumbani kwangu anaonja kweli, hahitaji mazoezi. Wote wakacheka, ikapita. Mwalimu ni mtu wa Masasi, ya koo za hapa hayamhusu sana. Na sisi wengine tulikuwa tunafikiria Lindi.

Nimempelekea Likwata habari. "Cheza mwendo wangu," akasema. "Usiongeze kitu." Nikamwambia haya. Moyoni nikasema, wivu huo.

Alhamisi, 19 Juni

Mazoezi. Nimejifunga mto wa sufi tumboni, shuka kiunoni, kofia ya Ismaili. Tumbo langu linatembea kuliko la Likwata. Mwalimu mwenyewe kacheka, na Mwalimu huwa hacheki.

Lakini nacheza cha Likwata tu. Nataka changu. Na ninacho!

Asubuhi huwa nakwenda kumsaidia Bi Adija vyombo. Nakaa nyuma ya jiko la nje, uzio unanificha. Mjomba akiwa na mkutano siku hiyo, anatoka uani na kijikaratasi, anasimama mbele ya kuku na kuwahutubia. Ndugu wananchi. Kuku wanadonoa. Wakianza kutawanyika anasema kwa upole, "Tulieni jamani, sijamaliza." Nimeona mara nyingi mno. Hakuna anayejua zaidi ya mimi na Bi Adija.

Sijamwambia Ismaili. Aone hapohapo.

Jumamosi, 21 Juni

Niandike kwa utaratibu.

Afisa kafika na pikipiki, kijana, miwani, kalamu mbili mfukoni. Kakaa mbele baina ya Mjomba na Bi Adija. Mzee Tulia kasema ya kwake, watu wamekohoa. Mwanaima kaonja vizuri. Nikaingia. Kabla sijasema neno, ghala zima limelipuka! Mjomba naye kacheka, nimemwona, kafuta macho kwa leso ileile. Wapo waliomwonyesha vidole, naye akainua mkono kama bwana harusi.

Kisha nikafanya la kuku.

Nimewaweka watoto sita wachuchumae wadonoe. Nimetoa karatasi. Ndugu wananchi, kwa mujibu wa mtama mlioumwaga. Watoto wakatawanyika. "Tulieni jamani, sijamaliza." Nimeisema kwa sauti yake hasa, ile ndogo, ya uani. Afisa kaangusha kalamu. Wamecheka hadi sikuweza kuendelea, na mimi nimesimama pale, tumbo mbele, najua hakuna mtu Lindi nzima anayeweza ninachoweza mimi.

Halafu nikaona Bi Adija kajifunika uso na kanga.

Mjomba kasimama, kakunja leso, kapita mlango wa nyuma. Kicheko kikazimika mstari kwa mstari, kuanzia kwa wazee. Mwisho alikuwa anacheka afisa peke yake, akageuka kuuliza kuna nini.

Jumapili, 22 Juni

Ismaili hajala kwangu. Kaniambia neno moja asubuhi, akiwa kasimama mlangoni: "Likwata ni mtani wake. Wewe ni mkwe wake."

Nilijua. Sasa nasemaje, kwamba nilijua? Nilipovaa lile tumbo nilijiona Mujibu. Niliona ruhusa imo humo kwenye tumbo, atakayelivaa anayo. Kumbe ilikuwa ya Likwata, kwa damu, na hata yeye hutumia vya barabarani tu, vinavyoonwa na kila mtu. Mimi nimekwenda kuchukua vya uani.

Naona aibu. Na bado nikikumbuka kicheko kile nataka kutabasamu. Yote mawili nimeyaandika.

Jumanne, 24 Juni

Tumechaguliwa! Barua imekuja na mpeleka taarifa wa tarafa. Lori litatuchukua Jumapili tarehe 6, mchezo ni Jumatatu Saba Saba yenyewe, redio itanasa. Masharti mawili. Moja, barua ya ruhusa ya mwenyekiti wa kijiji. Pili, afisa kaandika kwa mkono wake chini: achezaye Bwana Mujibu awe yule yule mama, na hotuba ya kuku iwepo.

Mwanaima kanikumbatia. Mwalimu kaisoma mara tatu na kunitazama juu ya karatasi.

Ijumaa, 27 Juni

Kumwendea Mjomba mwenyewe siwezi. Nitapiga magoti mbele yake niseme nini, na kwa mdomo upi? Mkwe hasemi na mkwe mambo hayo. Wa kusema ni mtani. Nimekwenda kwa Likwata.

Hakunikaripia, afadhali angenikaripia. Kasema tu, "Nilikwambia usiongeze." Kisha kachukua gongo lake na kuchechemea hadi kwa Mjomba, mguu ukiwa bado umevimba.

Kaingia bila hodi, kakaa kwenye kiti cha Mjomba, kadai chakula. Kasema haondoki hadi mwenye nyumba asamehe, na kama hasamehi, nyumba hii ni yake tangu leo, na kuku pia. Mjomba kacheka, anasema Likwata. Kambebea maji ya kunawa mwenyewe. Lakini kila likitajwa jina langu anatazama pembeni.

Jumapili, 29 Juni

Likwata siku ya tatu kitini. Kanenepa.

Jumatano, 2 Julai

Leo nimekwenda kuosha vyombo. Niliogopa kufukuzwa. Bi Adija kanipisha, tukaosha wote. Karibu na mwisho kaniambia, polepole, macho kwenye sufuria.

Kumbe Mjomba hakuwahi kuhutubia watu maishani mwake kabla ya kijiji hiki. Kusoma kajifunzia ukubwani, kwenye kisomo. Walipomchagua, kwenye mkutano wa kwanza maneno yalimkwama, na wageni wa wilayani wakacheka mbele yake. Karudi nyumbani, siku mbili hakula. Siku ya tatu katoka uani na karatasi. Hayo ya kuku yalianzia hapo.

"Ya Likwata yanamfurahisha," kasema. "Anasema mtu hatanii asiyempenda. Lile lako hajui aliweke wapi."

Nimesugua sufuria iliyokwisha kutakata.

Ijumaa, 4 Julai

Kasaini. Likwata kaileta barua mwenyewe akiwa kaishika kwa meno, mikono ina gongo. Mjomba kasema kijiji kisikose kwa sababu yake. Jina langu limo kwenye orodha, kwa mwandiko wake mkubwa wa kisomo: Kidawa binti Hashimu, mwigizaji. Hakuandika mke wa nani.

Ismaili kala kwangu jioni. Kasema niende, lakini nipande lori kama Bi Nionje. Mwalimu anasema afisa kataja Mujibu, na bila Mujibu kule tutachekwa vibaya. Likwata hawezi kusimama dakika kumi, kajaribu leo mbele yetu, kaanguka juu ya Mwanaima. Wote wananitazama mimi. Nimewaambia nitaamua. Nikasema kwa sauti kubwa, kama mtu aliyeamua.

Naweza kumcheza Mujibu bila kuku. Naweza. Nimejaribu leo nikiwa peke yangu, na nimeona inakuwa ya Likwata tu, nusu yake. Nzuri ni ile ya kuku. Hilo nalijua jinsi ninavyojua kupika.

Jumapili, 6 Julai

Lori liko ghalani tangu saa tatu. Wenzangu wamekwishapanda, nasikia Mwanaima anaimba. Mto wa sufi uko kwenye kikapu, nimeuweka chini kabisa, juu yake kanga za Bi Nionje. Nimepakia vyote viwili.

Nilikuwa natoka. Nikasikia hodi, Bi Adija. Na nyuma yake, nje ya uzio, mtu kakohoa. Mjomba. Kaja hadi hapa kwangu, kasimama upande wa pili wa makuti, haonekani, inavyotakiwa. Nikapiga magoti palepale ndani, ingawa hanioni.

Bi Adija kasema kaagizwa swali. Kasema nijibu kweli, hakuna ugomvi, na lori litasubiri, Mjomba kashazungumza na dereva.

Nikasema naam, mama.

Kasema: "Mjomba wako anauliza. Walipocheka vile, walikuwa wanamcheka huyo Mujibu, au walikuwa wananicheka mimi?"

Kasema "mimi". Kalichukua neno kama alivyopewa, bila kuligeuza.

Nilifungua mdomo. Mimi, ambaye sijawahi kukosa neno mbele ya watu mia tatu. Wale waliokuwa wananyoosha vidole nawakumbuka mmoja mmoja, na walikokuwa wanavielekeza nakumbuka pia.

Dereva kapiga honi mara ya pili. Bi Adija yuko mlangoni anangoja, na nje ya uzio kimya, hata kukohoa kaacha. Nimemwambia mama anipe dakika moja nifunge mzigo. Mzigo nilishaufunga tangu jana.