Muhuri Uliobaki Laini Saba

Nekesa mjukuu wangu,

Huku Kibera tuko sawa. Mguu wa mama yako umepona, na babu yako bado anagombana na redio. Umeniuliza kama utaizoea Kisumu, kazi yenu ikihamishiwa huko.

Miaka ya tisini nilikuwa karani wa chifu hapa Laini Saba, ofisi ikahamishiwa Kawangware. Ijumaa lori lilibeba meza na makabati. Muhuri niliutia kwenye mkoba wangu, maana lori sikuliamini. Jumatatu miguu ikanipeleka palepale pa zamani. Mlangoni kufuli, na watu wamepanga foleni kama kawaida, wameshika barua ambazo chifu alikuwa ameshazisaini.

"Mama karani, tugongee tu muhuri."

Nikawagongea kwenye meza ya muuza maji, mmoja mmoja, nikiwauliza hali ya watoto.

Kawangware nilifika saa sita. Chifu amefura. "Mama, umechelewa!"

"Sijachelewa, mzee. Nilifika saa mbili. Watu walikuwepo, ofisi ndiyo haikuwepo."

Alicheka mpaka akakaa chini.

Kawangware niliizoea nilipoanza kuwajua watoto wa wenyeji kwa majina. Lakini hata leo nikipita kwa muuza maji, kuna mzee huniita, "Mama karani, muhuri uko?"

Na mimi hushika mkoba.

Kukhu wako