Alichouliza Shangazi kwa Chasu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Hapa Myamba tu wazima, na mama yako ameanza kuvuna maharage.

Umeniuliza kwa nini watu wetu walisita kuwapeleka wagonjwa wa akili hospitalini. Enzi za Mwingereza, askari walimchukua shangazi yangu Nakunda alipougua akili, akalazwa hospitalini mbali na kwetu. Nilipokwenda kumwona, muuguzi aliniambia, "Huyu huropoka tu mchana kutwa."

Nikamsikiliza. Alikuwa akiuliza kwa Chasu, lugha yetu Wapare, ambayo muuguzi hakuijua, ni nani anayemnyonyesha mwanawe mchanga aliyebaki nyumbani.

Nilipomfasiria muuguzi, akasema, "Mjibu, tafadhali."

Nikamwambia mtoto yuko kwa mama yangu. Shangazi alilia, akaomba uji.

Alirudi baada ya miezi mingi. Mtoto hakumtambua, naye Shangazi alimsubiri kwa upole mpaka mtoto akamzoea.

Bibi yako anayekuombea