Mikoba ya Shangazi Yustina

Naliendele, 4 Februari 2024

Kaka Dercio,

Shikamoo. Habari za siku nyingi? Wifi Nilza na watoto hawajambo? Simu zangu hupokei, basi nimekaa nikaandika kama zamani.

Wiki iliyopita kizunguzungu kilinipeleka hospitali. Presha ilikuwa juu mno. Daktari akaniuliza nani katika ukoo amepata kiharusi. Nikamtajia babu, miaka hamsini na mbili. Nikamtajia baba, arobaini na tisa. Akauliza nina ndugu wangapi. Nikasema mmoja, anatimiza arobaini na nane mwezi wa tisa. Akaweka kalamu chini akasema, "Mlete."

Kaka, hili jambo tumezaliwa nalo. Haliumi wala halipigi hodi, lakini linazuilika ukipimwa na kumeza dawa kila siku, hata ukijisikia mzima. Njoo twende wote.

Mdogo wako,
Rosalina

Kilambo, 19 Februari 2024

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Hapa wote wazima, na mimi zaidi ya wote. Jana nimepakia magunia saba ya samaki wa ng'onda peke yangu. Mgonjwa hapakii magunia.

Baba hakuwa na presha. Baba alikuwa na dada yake. Shangazi Yustina aligombana naye asubuhi kwa ajili ya mikorosho, jioni mdomo wa baba ukapinda. Ulikuwepo, ukaona. Nikamfukuza yule mchawi, na tangu hapo hajaanguka mtu. Leo unataka kumsafisha kwa karatasi za hospitali!

Mimi nina mtu wangu, amenichanja chale, niko salama. Usiniandikie tena habari za kuanguka. Maneno kama hayo yanaita.

Kaka yako,
Dercio

Naliendele, 3 Machi 2024

Kaka,

Shikamoo. Natumai u mzima, mzima kweli, siyo mzima wa magunia. Huku mvua zimetuchosha.

Nilikuwepo, ndiyo. Nilimwona baba akishika kichwa siku tatu kabla ya ule ugomvi, akisema ni jua tu. Shangazi amekufa kwenye kibanda cha watu huko Mnazi Bay, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumzika. Nilinyamaza kwa sababu wewe ni mkubwa wangu. Nina hasira na wewe, Dercio, na bado nataka uishi.

Ukiendelea hivyo, ng'onda na chumvi yake kila mlo, kupimwa hutaki, utaanguka kabla ya mwezi wa tisa. Nimesema. Kapime!

Mdogo wako,
Rosalina

Kilambo, 11 Agosti 2024

Wifi,

Sijui hata nikusalimu kwa mdomo gani. Kaka yako alianguka tarehe mosi akifunga gunia. Upande wote wa kulia umelala, maneno hayatoki. Wazee walitaka aanzie kwa yule mtu wake. Tukakaa huko siku mbili, ndipo tukaenda hospitali. Daktari alitugombeza kwa kuchelewa.

Barua zako alizificha chini ya godoro. Baba yenu mdogo, Josephu, amezikuta, akazisoma mbele ya ukoo. Alipofika "utaanguka kabla ya mwezi wa tisa", wote wakaulizana, amejuaje? Wanasema umerithi mikoba ya Shangazi Yustina. Wamekataza usikanyage hapa, hata akifa.

Mimi najua si kweli, lakini naishi katikati yao. Na Erasto, mwanetu mkubwa, naye siku hizi kichwa kinamuuma. Kupimwa wanamkatalia, wanasema ni maneno yako. Usijibu.

Wifi yako,
Nilza

Naliendele, 14 Agosti 2024

Wifi Nilza,

Pole sana. Na mimi nipe pole, maana huyo ndiye kaka yangu wa pekee, na nimekatazwa hata kumshika mkono. Ule mwezi niliutaja kwa hasira tu. Nimelia mpaka nimechoka.

Barua hii usiifiche. Mpe baba mdogo aisome kwa sauti, kama alivyosoma zile.

Baba mdogo, shikamoo. Ndiyo, mikoba ninayo mimi, na safari hii nimemtaja Erasto. Ataanguka kama baba yake, upande uleule. Atapona tu iwapo Jumatatu asubuhi atapelekwa kupimwa presha, ameze dawa atakayopewa kila siku ya Mungu, na ng'onda aache. Siku akiruka dawa, nitajua. Kwa waganga msihangaike. Uchawi wangu hawauwezi.

Shangazi yake Erasto,
Rosalina