Mnanaha wa Boma Kuukuu

Jumatatu, 4 Mei 1964. Suna.

Mvua tangu alfajiri. Kaptula za shule bado. Cherehani imekwama tena, nimeitia mafuta, nimeitukana, ikaenda.

Rukia hakula asubuhi. Tangu tumzike mwanetu Hamisi mwezi wa pili anadonoa tu kama ndege, na ukimuuliza anasema ameshiba. Ameshiba nini? Mtoto wa miezi saba. Surua. Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa. Basi, sitaki kuandika zaidi.

Leo angalau mke wangu ametoka nje. Mama Odhiambo, jirani yetu muuza samaki, amemvuta wakachume osuga kwenye boma kuukuu nyuma ya soko, pale walipokuwa wakilala ng'ombe zamani. Mboga hiyo hujiotea kwenye samadi mvua ikinyesha. Sisi wa Mombasa twaiita mnavu. Mimi siigusi, chungu kama shubiri. Rukia ndiyo aliyolelewa nayo kwao Kisegi, ziwani. Amerudi na kikapu tele, matope hadi magotini, na nimemsikia akiimba kidogo jikoni. Alhamdulillahi.

Jumanne, 5 Mei

Sijui nianzie wapi.

Amepika mboga mchana, akala peke yake. Mimi nilikula maharage kibarazani. Baadaye akalalamika kinywa kimemkauka. Akanywa maji, akanywa tena, anasema hayashuki. Kisha nikasikia sufuria limeanguka. Nikamkuta ameshika ukuta, anatembea kama ardhi inamkimbia. Mwili moto, mkavu kama chungu kilichotoka jikoni, hata tone la jasho. Na macho! Mboni zimepanuka hadi jicho lote ni jeusi. Ananitazama na hanioni.

Akaanza kuchuma vitu hewani. Nyuzi, sijui. Anachuma, anaviweka kwenye mapaja, anakunja. Anazungumza na bibi yake aliyekufa kabla sijamwoa. Moyo wake unakwenda mbio hadi shingo inacheza.

Nikasema pepo. Nani asingesema pepo? Nikamwita mwalimu wa chuo cha Kurani, akasoma, maskini, hadi sauti ikamkauka naye. Rukia akamwambia asogee, amemkanyaga mtoto.

Kisha akakaa chini, akafungua kifungo, akapakata mikono mitupu. Akanyonyesha.

Mama Odhiambo ndiye aliyekwenda jikoni, akapekua majani yaliyobaki kikapuni. Akarudi na machache mkononi. "Baba Hamisi, hii si osuga. Hii ni ile ng'ombe anakataa." Nikayanusa. Mnanaha. Harufu ile ile mbaya. Kwetu watoto hukanywa wasiuguse hata ua lake. Viwili hivi vikiwa vichanga huota pamoja kwenye samadi, na kwenye mvua, mtu ana haraka, mkono hauchagui.

Mto umefunika daraja. Gari hakuna. Nimemshika tu.

Alhamisi, 7 Mei

Amerudiwa na akili. Kusoma hawezi, herufi zinamkimbia, na mwanga unamuumiza. Anatembea akipapasa. Lakini anajua jina langu.

Nilidhani hatakumbuka. Anakumbuka kipande kimoja tu. Amenishika mkono akasema, "Nilimnyonyesha. Alikuwa mzito. Alinivuta nywele." Akatabasamu.

Tangu mwezi wa pili nimemwomba Mungu anirudishie tabasamu hilo. Leo limerudi na limenitia hofu.

Nikamwambia ni sumu ile, haikuwa kweli. Akasema, "Najua." Kama mtu anayemjibu mtoto.

Jumamosi, 9 Mei

Nimekwenda bomani na panga. Nimeung'oa mnanaha wote, mkubwa kwa mdogo, nikauchoma. Moshi wake nao nikaukimbia. Vijana wa sokoni wamecheka sana. Eti fundi cherehani amekuwa mkulima, na anavuna magugu. Nikawajibu neno ambalo sitaliandika hapa.

Niliporudi Rukia alikuwa mlangoni akinitazama. Hakucheka.

Jumatano, 13 Mei

Anataka kwenda kwao akapumzike kwa mama yake. Mama Odhiambo anasema ni vizuri, mwenye msiba huponea kwa mama. Mwalimu wa chuo anasema vivyo hivyo. Watu wote wana akili isipokuwa mimi, mimi nina wasiwasi tu, na wasiwasi si hoja.

Nimekubali. Nimemshonea gauni la safari, la maua ya bluu. Limempwaya.

Jumapili, 17 Mei

Nyumba kimya. Nimepika wali ukaungua. Namkosa sana.

Ijumaa, 22 Mei

Dereva wa lori la samaki ameleta salamu za mama mkwe. Rukia anaumwa, amepandwa na juogi, mizimu ya kwao. Nisiwe na hofu, mganga ameshaitwa, wanahitaji kitambaa cheupe, na mimi ni fundi.

Nikamuuliza dereva macho ya Rukia yakoje. Akasema, "Makubwa, mzee. Kama ya bundi."

Amekula tena. Na safari hii hakukosea.

Jumamosi, 23 Mei. Kisegi.

Nimefika adhuhuri, nimechafuka, nina njaa. Mama mkwe yuko uani. Mwanamke wa kanisa, Jumapili hapitwi na ibada, lakini juogi wakija kanisa hukaa pembeni kidogo. Nyuma ya nyumba yake kuna zizi la zamani. Nimeuona mnanaha mwenyewe, umenenepa, maua meupe. Vikonyo vimekatwa.

Nimemweleza. Mama, si mizimu, ni majani, yale pale. Amenisikiliza kwa heshima. Kisha akasema mwanawe anazungumza na nyanya yake, anamtaja kwa jina la utotoni la huyo nyanya, ambalo hakuna aliyemfundisha. Jani linajua majina? Mkwe, wewe si wa huku. Mganga atafika jioni na manyanga yake ya kutikisa. Mgonjwa asihamishwe.

Na mimi sina njia. Mkwe haingii nyumba ya mama mkwe wake. Hapa hilo si mchezo, hata kwetu ni aibu. Nimeketi nje kwenye kigoda, mita chache kutoka kwa mke wangu, kama mgeni aliyekuja kuomba maji. Namsikia ndani. Anacheka. Anabembeleza. Kisha anapiga yowe kwamba mchwa wanamwingia masikioni.

Dada yake mdogo akatoka akasema hajakojoa tangu jana, tumbo limejaa kama ngoma, na mwili unawaka.

Nikavua viatu. Nikasema, Mama, nisamehe. Nikaingia.

Mama mkwe alijifunika uso kwa leso, akageukia ukuta. Hakunizuia. Nadhani wangenipiga ningeona afadhali.

Rukia amekaa pembeni pa kitanda, amepakata. Midomo imepasuka kwa ukavu, ina damu. Lakini uso wake! Namna alivyokuwa amelaza mkono chini ya kichwa ambacho hakipo. Uzito ule. Kidole kimoja kinapangusa shavu. Akaniambia kwa Kijaluo, polepole, nisimwamshe: nyathina obiro. Mwanangu amekuja. Nikatazama pale mikononi. Wallahi nilitazama nikitafuta.

Kisha nikambeba. Alipofungua mikono kunishika shingo, alipiga kelele kwamba nimemwangusha mtoto.

Jumapili, 24 Mei. Homa Bay.

Boti, kisha hospitali. Njiani nilikuwa nikimlowesha midomo kwa kitambaa. Shemeji yangu, yule dada mdogo, amekuja nasi, ameshika miguu yake muda wote asijitupe majini.

Daktari alitazama macho, akagusa ngozi, akauliza amekula nini. Nilipomtajia ua, akatikisa kichwa. Si wa kwanza mwaka huu. Wamempitisha mpira kutoa mkojo. Wamemlaza kwenye giza, shuka limeloweshwa maji. Daktari anasema mtu akila mara ya tatu moyo unaweza kusimama. Halafu akaniuliza, kwa upole, kwa nini mtu ale kitu kama hiki mara mbili.

Nikaenda kulowesha shuka upya.

Jumatatu, 25 Mei

Homa imeshuka. Bado anachuma hewani, ila taratibu. Nina hasira naye. Nina hasira kali. Angeniacha peke yangu na cherehani na makaburi. Sikulala. Nampenda.

Jumatano, 27 Mei

Ameamka leo baada ya alasiri. Amenitambua. Sauti kama karatasi.

Hakumbuki kitu. Si boti, si mchwa, si mimi kuingia nyumba ya mama yake. Nikaona anatafuta ndani, kama mtu anayepapasa chini ya kitanda. Hakupata. Ndipo akaniuliza.

"Mtoto alikuja?"

Alikuja. Nilimwona kwenye mikono yake vizuri kuliko ninavyokiona kidole changu. Nikisema alikuja, atarudi zizini kumtafuta. Najua. Hata mimi ningekwenda.

"Hakuja," nikasema.

"Una hakika?"

"Nilikuwepo, Rukia. Ulikuwa unafukuza mchwa. Hakuja mtu."

Amenitazama kwa macho yale ambayo bado hayajapungua vizuri. Kisha akalia. Alipiga nduru, ile ya kwao ya msiba, ambayo sikuwahi kuisikia kinywani mwake hata siku tulipozika. Wagonjwa wakaketi vitandani. Muuguzi akaja mbio. Nikamwambia mwacheni, amefiwa. Akauliza lini. Nikasema leo.

Shemeji akamshika kutoka nyuma. Mimi nikashika miguu. Amelia hadi jua limezama.

Sasa ametulia. Amekunywa uji nusu kikombe. Kwa desturi yetu wanawake hawakuja makaburini siku ya kumzika Hamisi, hivyo hajui tulivyomlaza. Leo ndiyo mara ya kwanza ananiuliza. Nikamweleza. Nilishuka kaburini mimi mwenyewe, nikampokea. Sanda niliikata kwa mkono wangu. Ubavu wa kulia, uso kuelekea kibla, na udongo kidogo chini ya shavu.

Akasema, "Shavu gani?"

Nikamgusa la kulia.

Akasema vizuri.