Ofa Aliyoikataa Mtu Asiyeshtakiwa

Jumatatu, 3 Machi
Nimesahihisha madaftari ya darasa la nne hadi mkono ukakakamaa. Kisha simu. Bi. Kemunto, wakili mpya wa mdogo wangu Nyabuto. Rufaa itasikizwa Nyamira mwezi ujao. Nyabuto anatumikia miaka kumi kwa kumkata jirani yetu Ombati kwa panga, walipogombania mpaka wa shamba la majani chai.

Bi. Kemunto amepekua faili. Kabla ya kesi, upande wa mashtaka ulitoa ofa: akubali shtaka dogo la shambulio, nao wamwombee kifungo cha nje. Nyabuto anasema hakuambiwa. Je, mimi najua lolote? Nikajibu nitafikiria. Uongo mtupu. Sina cha kufikiria.

Jumatano, 5 Machi
Niandike basi.

Wakili wa kwanza alinipigia mimi. Nilikuwa sokoni Marani, nachagua ndizi. Akasema, “Mwalimu, hawa wamebabaika. Hawana shahidi wa maana. Tutashinda. Tuikatae?”

Nikasema tuikatae. Nikaendelea kuchagua ndizi.

Nyabuto alikuwa rumande. Wakili hakwenda kumuuliza. Mimi pia sikumwambia. Tangu baba afariki, mimi kifungua mimba ndiye ninayesemea boma letu: mahari, matanga, shule. Nikaona na hili ni langu. Tena niliogopa watu waseme mtoto wetu amekiri. Shahidi wa maana alipatikana. Wawili.

Sabato, 8 Machi
Kanisani wamemwombea Nyabuto, “ndugu yetu aliyefungwa bila hatia.” Maneno hayo niliwapa mimi. Alimkata Ombati. Jeraha nililiona. Leo nimeitika amina na wengine, na nimejichukia. Sikungoja chakula cha mchana cha kanisani.

Jumapili, 9 Machi
Gerezani. Nilimweleza yote, hata ndizi.

Akasema: “Ningekubali, dada. Si nilimkata? Ungeniuliza tu.”

Akarudi ndani. Muda wetu ulikuwa bado haujaisha. Sabuni niliyomletea nimemwachia askari.

Jumanne, 18 Machi
Nimetia sahihi hati ya kiapo. Bi. Kemunto alinionya: itasomwa mbele ya watu, na Ombati atakuwepo. Wakili wa kwanza naye amejibu kwa kiapo kwamba alipata maagizo kutoka kwa familia. Nilitamani awe mwongo. Amesema kweli, mjinga yule.

Mjomba amepiga simu akifoka. Ati namwaibisha marehemu baba. Nimemwacha afoke mpaka salio likamwishia.

Alhamisi, 10 Aprili
Jina langu limesomwa mahakamani pamoja na kila nililotenda. Wazee watatu wa kanisa walikuwa nyuma yangu. Jaji alimuuliza wakili wa serikali swali moja: ofa hii alipewa nani? Yule bwana akatazama karatasi zake, akakiri kwamba haionyeshwi popote kuwa ilimfikia mshtakiwa.

Nyabuto hakugeuka kuniangalia. Uamuzi baadaye.

Ijumaa, 23 Mei
Hukumu imefutwa. Jaji amesema mwenye kujibu shtaka ni mshtakiwa, si ndugu yake, hata awe na nia njema kiasi gani. Kesi inaanza upya kwa hakimu mwingine. Upande wa mashtaka uko tayari kurudisha ofa ileile. Nililia chooni, nikanawa uso, nikatoka.

Jumatano, 9 Julai
Mahakamani, Bi. Kemunto alikaa na Nyabuto chumbani peke yao karibu saa nzima. Mjomba akanisukuma niingie, nihakikishe anajibu vizuri. Sikuinuka.

Shtaka dogo likasomwa. Mkalimani akalieleza kwa Kigusii. Nyabuto akajibu mwenyewe kwamba ni kweli, alimkata. Hakimu akasema muda aliokaa ndani unatosha.

Amekuja nyumbani. Amekula. Tumezungumza habari za ng'ombe tu.

Jumapili, 13 Julai
Tumechuma majani tangu alfajiri, yeye mistari yake, mimi yangu. Jua lilipopanda alitua kikapu, akanawa mikono, akavuka mpaka kwenda kwa Ombati. Hakuniaga. Nikamwona amesimama uani kwao, kofia mkononi, Ombati akitoka mlangoni.

Nilijua kabisa angepaswa kuanza vipi. Maneno yalinijaa mdomoni. Nimebaki kwenye mistari yangu, nikachuma.